Kujaza mafuta ndege ndogo bila kupanda ngazi na dumu mkononi

SWALI: Nina Cessna 172 ninayoirusha mwenyewe siku za mapumziko. Kiwanja ninapoiegesha hakina pampu, kwa hiyo naleta petroli ya ndege kwa madumu ya lita 20, napanda nayo ngazi na kuyamimina kwa faneli. Mgongo umeanza kulalamika, mafuta yananimwagikia kwenye bawa na kwenye kioo cha mbele, na ngazi yenyewe siiamini. Rubani mwenzangu amenishauri ninunue pampu ndogo ya umeme ya kuhamishia dizeli niifunge kwenye betri ya gari. Mwingine ananiambia niachane na petroli ya ndege kabisa, nitumie ya gari, maana inapatikana kila mahali. Je, kuna njia rahisi ambayo pia ni salama?

JIBU: Ndugu, mgongo wako una haki ya kulalamika. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72. Dumu lako la lita 20 ni kilo 14 na ushee za mafuta, bado hujapima dumu lenyewe, na tundu la kujazia la 172 liko zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Kwenye toleo la 172S, kwa mfano, matangi mawili yanabeba lita 212 kwa jumla, na 201 kati ya hizo ndizo zinazotumika angani. Kuyajaza kutoka matupu kwa madumu ni kupanda ngazi zaidi ya mara 10, kila mara mkono mmoja umeshika mzigo na mwingine umeshika ngazi, kisha juu kule unaiachia ngazi ili umimine kwa mikono miwili. Unachokipandisha ni chombo, ilhali kinachotakiwa kufika juu ni mafuta tu. Uzito ukibaki chini na mafuta yakapanda yenyewe ndani ya mpira, sehemu kubwa ya malalamiko yako inakwisha.

Kabla hujanunua chochote, lakini, tazama ratiba yako ya kuruka. Njia nyepesi kuliko zote haina kifaa: maliza safari ya siku kwenye kiwanja chenye pampu, au pitia hapo ukiwa njiani kurudi, ujaze kwa mpira wao, kisha urudi nyumbani na matangi yenye akiba ya kutosha kwa safari ijayo. Marubani wengi hununua pampu na trela kwa tatizo ambalo kituo kimoja cha dakika 20 kingelimaliza. Angalizo ni uzito. Ndege hii haiwezi kubeba matangi yaliyojaa, watu wazima 4 na mizigo kwa pamoja, kwa hiyo piga hesabu ya uzito kwanza.

Jambo la pili ni kiasi. 172 inakunywa takriban lita 30 hadi 36 kwa saa katika mwendo wa kawaida, kulingana na injini na jinsi unavyopunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa. Safari ya saa 2 ni kama lita 70. Ongeza mafuta ya akiba, ambayo katika nchi nyingi kwa ndege inayoruka kwa kuona (rubani akitazama nje, si kwa kutegemea vyombo) ni dakika 30 mchana na 45 usiku, na nyongeza yako mwenyewe juu ya hapo. Mimi huwaambia marubani waweke saa nzima. Unapata kama lita 100, nusu ya ule mzigo wa kujaza kila kitu. Najua utaambiwa kwamba tangi lisilojaa hukusanya unyevu usiku. Ni kweli, ila kwa kiasi kidogo. Katika matangi niliyoyafungua, maji mengi yalikuwa ya mvua yaliyopita kwenye raba ya kifuniko iliyokauka na kupasuka. Badilisha raba hizo kwanza.

Sasa vifaa. Utakutana na ule mpira wa kunyonyea wenye gololi kwenye ncha, unaoutikisa ndani ya dumu mafuta yakaanza kutiririka. Ni kifaa kizuri na rahisi sana, lakini kinafuata sheria moja: mafuta yanashuka, hayapandi. Kwa ndege ya mabawa ya chini, kama Piper PA-28, unaweka dumu juu ya meza imara iliyo juu kuliko bawa na kazi inajifanya. Kwako dumu lingehitaji kuwa juu ya tundu, na hapo umerudi kwenye ngazi.

Chaguo langu kwa mtu mwenye ndege moja ya mabawa ya juu ni pampu ya mkono ya kuzungusha, iliyofungwa kwenye chombo kilicho chini, yenye mpira wa mita 4 hivi unaofika bawani na nozeli yenye kifyatulio mwishoni. Unapanda ngazi ukiwa umeshika nozeli tu, au afadhali zaidi, mmoja anashika nozeli juu na mwingine anazungusha chini. Hakikisha pampu imeandikwa kuwa ni ya petroli. Raba za pampu za mafuta ya kula au za maji huvimba kwa petroli na kuacha vipande vyeusi ndani ya mafuta.

Pampu ikae chini, karibu na mafuta, isiwekwe juu. Petroli husukumwa vizuri ila hunyonywa vibaya: ukiiweka pampu kwenye kiwango cha bawa ikanyonya mita 2 kwenda juu siku ya jua kali, shinikizo ndani ya mpira linashuka, petroli inaanza kutoa mvuke, na pampu inazunguka bure. Watu huidhania imeharibika.

Chombo gani? Madumu yanatosha kama unajaza lita 40 au 60 kwa mara. Ukizidi hapo, kuna matangi ya magurudumu mawili ya lita 50 hadi 100 na kidogo, unayoyasukuma kama toroli hadi chini ya bawa. Kwa matumizi yako naona hilo ndilo la kununua. Pipa la lita 200 ni la bei nafuu kwa ujazo wake, lakini likijaa lina zaidi ya kilo 140 za mafuta, basi lipangie mahali pa kudumu na usogeze ndege, si pipa. Bomba la kunyonyea likatwe liishie sentimita 5 hivi juu ya sakafu ya pipa, maana maji na kutu hulala huko chini, na lita za mwisho zisiingie kwenye ndege. Pipa la akiba lilazwe ubavu, vizibo vyote viwili vikiwa usawa wa saa 3 na saa 9 kwenye uso wa saa. Likisimama wima, maji ya mvua yanatuama juu ya kifuniko, na baridi ya usiku inapoyafanya mafuta kunywea, pipa linayanyonya maji kupitia nyuzi za kizibo.

Trela yenye tangi kubwa, pampu ya umeme, mita na chujio ni raha tupu, lakini inaleta maana pale ambapo ndege kadhaa zinaitumia. Na ukishaanza kuhifadhi mafuta mengi, au kumuuzia jirani, unaingia kwenye kanuni za zimamoto, za mamlaka ya anga na masharti ya bima yako. Uliza kabla ya kununua.

Hapa ndipo ninapomkatalia rafiki yako wa pampu ya dizeli. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi zaidi ya 50. Petroli inatoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo mtengenezaji wa pampu ya dizeli hana sababu ya kuzuia cheche za brashi za mota yake, na hajazizuia. Ukiipitishia petroli, umeweka cheche na mvuke pamoja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa ardhini, haswa pale pampu ilipo. Vivyo hivyo kwa zile pampu ndogo zinazoendeshwa na drili. Pampu za umeme za petroli za volti 12 zipo, zimefungwa ili cheche isitoke nje, na hilo huandikwa wazi kwenye kibao chake. Ukiipata hiyo, funga nyaya kwenye betri kabla hujafungua kifuniko chochote, na uwashe na kuzima kwa swichi yake. Kubana na kubandua klipu kwenye nguzo za betri nako kunatoa cheche.

Umeme tuli ndio nitakaoukalia zaidi, kwa sababu ukitoka kumimina kwa dumu ukaingia kwenye pampu, hatari yake inaongezeka, haipungui. Mafuta yanapopita kwenye mpira hujikusanyia chaji, na yanapopenya kwenye chujio chaji hiyo huongezeka mara nyingi. Yakienda haraka zaidi, chaji zaidi. Ndege imesimama juu ya matairi ya raba, chombo chako kinaweza kuwa juu ya lami kavu, na kila kimoja kina kiwango chake cha umeme. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, inaruka kwa cheche mahali vinapokaribiana, na mahali penyewe ni nozeli na mdomo wa tangi, ambapo mvuke ndio umejaa.

Dawa yake ni waya. Unganisha chombo na ndege kwa waya wenye klipu imara kabla hujafungua kifuniko cha tangi, na uuondoe baada ya kukifunga. Klipu ishike chuma kitupu: bomba la moshi injini ikiwa imepoa, au pete ya kufungia ndege chini ya bawa kama haina rangi. Rangi huzuia umeme, na klipu iliyobana rangi ni pambo tu. Usiibane kwenye propela wala kwenye antena. Kisha nozeli ya chuma iguse mdomo wa tangi kabla ya tone la kwanza na isiachane nao mpaka utakapomaliza. Mpira uwe wa aina inayopitisha umeme. Mpira wa kumwagilia bustani hauna nafasi hapa, hata kwa dakika moja. Kwa kuwa waya huu ndio unaosawazisha umeme kati ya vitu viwili, usidhani kwamba kigingi cha chuma kilichochomekwa ardhini pekee kinatosha badala yake.

Madumu ya plastiki yana tatizo lake: plastiki haipitishi umeme, hivyo waya ukiubana kwenye mkono wa dumu hauunganishi chochote. Ukilazimika kuyatumia, yajaze yakiwa chini ardhini, kamwe si ndani ya gari wala juu ya zulia au plastiki ya sehemu ya mizigo ya pikapu, nozeli ikigusa mdomo wa dumu. Unapoyahamishia kwenye ndege, pitisha mafuta polepole na uunganishe pampu, au faneli ya chuma, na ndege. Faneli ya plastiki yenye kitambaa cha kuchujia imewahi kuwasha moto kwa watu waliodhani wanakuwa waangalifu. Chombo cha chuma, au cha plastiki maalumu inayopitisha umeme, kinakuondolea mjadala wote huu, na ndiyo sababu nyingine ya kulipendelea lile tangi la magurudumu.

Mengine unayajua, nayataja tu. Jaza nje ya banda, swichi kuu ikiwa imezimwa, hakuna mtu ndani ya ndege, kizimamoto kiko karibu, na simu imebaki kwenye gari. Vaa pamba badala ya nailoni au sufu. Kama nozeli inadondosha, weka taulo juu ya kioo cha mbele, kwa sababu kioo hicho ni plastiki ya akriliki na petroli hukitia ukungu na nyufa ndogo ndogo. Yakimwagika mengi, ngoja yakauke kabisa kabla ya kugusa swichi yoyote. Na unawe mikono: petroli ya ndege ya kawaida, ile ya 100LL, ina risasi, na risasi ya aina hiyo hupita kwenye ngozi.

Ngazi bado utaihitaji ili kuweka nozeli na kupima kwa kijiti. Itafute ya miguu minne, yenye jukwaa pana juu na kishikio, yenye raba kwenye miguu. Ile ya kuegemeza kwenye bawa itupe.

Kitu ambacho marubani wengi wa 172 hukisahau ni kitasa cha kuchagulia tangi. Wakati wa kujaza, kiweke kwenye kushoto au kulia, si kwenye yote mawili. Kikiwa kwenye yote mawili na ndege imeinama kidogo upande mmoja, mafuta huhamia tangi la chini polepole, nawe unajaza upande ambao unavujia mwenzake. Utaondoka ukidhani yamejaa, kumbe upande mmoja haujajaa. Ukimaliza, ni lazima ukirudishe kwenye yote mawili kabla ya kuruka, kwa hiyo kiandike kwenye orodha yako ya ukaguzi.

Chujio kwenye pampu linatakiwa liwe lile linalozuia maji pia, si wavu wa kuzuia mchanga peke yake. Hata hivyo, usilikabidhi kazi yote. Maji huzama chini ya petroli, na huhitaji muda kuzama. Kanuni ya kawaida ni dakika 15 kwa kila sentimita 30 za kina cha mafuta. Tangi la bawa lako halina kina hicho, hivyo ukimaliza kujaza, rudisha vifaa, kunja nyaya, unywe maji, kisha ndio utoe sampuli. Modeli mpya za 172 zina sehemu 13 za kutolea, 5 kila bawa na 3 chini ya mwili wa ndege, na zote zina sababu ya kuwepo. Kikombe kikiwa kimejaa kitu kisicho na rangi, usifurahi kwamba ni safi. Inawezekana chote ni maji. 100LL ni ya buluu, na ukiitazama mbele ya kitu cheupe utaona.

Rangi hiyohiyo ndiyo kinga yako dhidi ya kujaziwa kimakosa mafuta ya jeti, ambayo si ya injini ya petroli. Kwenye kiwanja chenye pampu kosa hili hutokea, na hutokea kwa watu wa maana: rubani mashuhuri wa maonyesho wa Marekani, Bob Hoover, alinusurika baada ya ndege yake ya injini za petroli kujazwa mafuta ya jeti, na nozeli pana ya mafuta ya jeti isiyoingia kwenye tundu jembamba la petroli imebeba jina lake. Leo kuna ndege ndogo, kama Diamond DA40 NG, zenye injini ya dizeli zinazotumia mafuta ya jeti na zinafanana sana na ndugu zao za petroli, kwa hiyo mhudumu hawezi kukisia kwa kuangalia umbo. Simama hapo wakati wa kujazwa na usome risiti. Ukiwa na shaka na mafuta ya pipa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka bila alama ya mafuta, ya jeti huacha duara lenye mng'ao.

Wapo wanaoniuliza kwa nini ndege ndogo zisijazwe kutoka chini kwa shinikizo, kama zile kubwa za abiria. Kwa sababu mfumo ule una vali za kujifunga tangi likijaa, njia pana za hewa na matangi yaliyojengwa kuvumilia hitilafu, na vyote hivyo vina uzito na gharama. Kusukuma mafuta kupitia koki ya kutolea maji chini ya bawa, jambo ambalo nimeona watu wakilipendekeza, ni kubadilisha ndege iliyothibitishwa bila idhini. Usijaribu.

Limebaki la petroli ya gari. Rafiki yako hajakosea moja kwa moja. Ndege nyingi za zamani zenye injini za mgandamizo mdogo, zikiwemo baadhi ya 172, zina kibali cha nyongeza cha kuitumia, na injini za Rotax 912 za ndege nyepesi ziliundwa kwa ajili yake: ile ya nguvu farasi 80 inaridhika na oktani 90, ya 100 inataka 95. Lakini kibali hicho ni cha ndege yako kwa namba yake na kwa aina ya injini yake, pamoja na karatasi na vibandiko vyake. Bila hivyo, si halali, na bima itakuambia hivyo siku usiyotaka kuisikia. Kwa 172S yenye injini ya IO-360 usiingize petroli ya gari kwa kukisia.

Ukishakuwa na kibali, kitakachokusumbua ni ethanoli. Inalainisha raba na gundi za kuzibia za mfumo wa mafuta ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake, inanyonya maji, na baridi ikizidi kule juu maji hayo hujitenga yakashuka kwenye koki. Vibali vingi vya ndege za zamani vinaikataza kabisa. Petroli ya gari pia hutoa mvuke kwa urahisi zaidi, kwa hiyo injini ya moto siku ya joto inaweza kukatikiwa na mafuta kwa sababu ya mapovu ya mvuke kwenye mabomba, na haikai muda mrefu kwenye chombo kama ya ndege, maana sehemu zake nyepesi huondoka mapema.

Kipimo cha ethanoli unakifanya mwenyewe kabla ya kununua dumu la pili. Chukua chupa nyembamba ya kioo iliyo wazi, mimina maji kidogo, chora mstari pale yalipofikia, ongeza petroli mara kumi ya kiasi hicho, funga, tikisa vizuri, uache ikae dakika chache. Kama maji yamebaki palepale kwenye mstari, petroli haina ethanoli. Kama yanaonekana yameongezeka na kupita mstari, ethanoli imehamia kwenye maji, na mafuta hayo ni ya gari lako.